Umelala Wapi?

Mama alipopiga simu kutoka Tandika ilikuwa siku ya tisa ya mfungo, na haja yake ilikuwa moja tu: sato. "Siyo hawa wa kwenye friji za huku," alisema. "Nataka wa Mwaloni, nimwone macho yake, nifuturu naye kabla mwezi haujaisha." Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu Buzuruga, jua bado limekaa juu ya vilima vya mawe, watoto wa jirani wakiendelea kuchota maji bila haraka. Nyuma ya sauti ya mama nikasikia adhana. Dar es Salaam walikuwa wanafuturu. Sisi tulikuwa bado tunasubiri.

Jambo hili hunigusa kila Ramadhani. Saa za ukutani zinasema vilevile Mwanza na Dar, kwa kuwa nchi nzima inatumia saa moja, lakini jua halijapata kuitii saa hiyo. Mwanza iko karibu na longitudo ya 33 mashariki, Dar imepita kidogo ya 39. Dunia huchukua dakika nne kugeuka nyuzi moja, na kati ya miji hii miwili kuna nyuzi sita na robo. Piga hesabu: ni dakika 25. Mama anatia tende mdomoni, mimi huku nina dakika 25 za njaa mbele yangu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza niliyojifunza ya kupima umbali wa Dar es Salaam, na mpaka leo sijapata nyingine inayoingia mwilini kama hiyo.

Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo huwauliza wote wanaotoka kwetu, hata kabla hawajatoka: "Utalala wapi?"

Buzuruga ni mtaa wa wasafiri. Barabara ya Musoma inaupasua katikati, na kwa miaka mingi stendi yake ilikuwa mlango wa kutokea wa kila anayekwenda Magu, Bunda, Musoma, Tarime na mpaka wa Sirari. Sauti za wapigadebe, wauza karanga, mikokoteni ya mizigo, harufu ya mahindi ya kuchoma: ndizo alfajiri zangu za utotoni. Anayekwenda Shinyanga, Dodoma na Dar hupandia Nyegezi, upande wa pili wa jiji. Kwa hiyo mtoto wa Buzuruga hukua akijua kwamba Dar iko mgongoni kwake, na barabara iliyo mbele ya nyumba yao haifiki huko. Mimi lakini safari yangu ya kwanza ya Dar es Salaam ilipita mbele ya nyumba yetu, ikielekea kaskazini.

Ilikuwa mapema mwaka 1998. Mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa 1997, zilikuwa zimesomba madaraja na kuharibu tuta la Reli ya Kati. Barabara ya kupitia Nzega na Singida, ambayo enzi hizo sehemu kubwa haikuwa na lami, ilikuwa tope. Habari ikaja kwamba mjomba amelazwa Dar, hali yake si nzuri. Mama wakati huo alikuwa mchuuzi wa samaki Mwaloni, Kirumba. Akaacha mzigo wake kwa shoga yake, akafunga khanga mbili na sufuria ya chakula, akanishika mkono, tukapanda basi la kupitia Nairobi.

Waliokulia Kanda ya Ziwa miaka ile wanaikumbuka njia hiyo. Mtanzania anatoka mji mmoja wa Tanzania kwenda mji mwingine wa Tanzania, hati ya kusafiria mkononi, kwa kuwa nchi yake mwenyewe haipitiki katikati. Tulipita Magu, Lamadi, Bunda, Tarime. Sirari tukashuka kupanga foleni ya mhuri. Afisa wa upande wa Kenya alimuuliza mama anakwenda wapi, mama akajibu, "Dar es Salaam," na yule afisa akagonga mhuri bila kushangaa hata chembe. Alikuwa ameshalisikia jibu hilo mara nyingi. Tukapita Migori na Kisii, tukaingia Nairobi usiku. Tulilala sakafuni katika ofisi ya basi, khanga moja chini, moja juu. Kesho yake Namanga, mhuri mwingine, tukarudi nchini kwetu. Mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku Tanzania, kwa hiyo tukalala tena Arusha. Tulifika Temeke alasiri ya siku ya tatu.

Mke wa mjomba alitoka mlangoni amejifunga kaniki. Alimtazama mama, akaitazama miguu yake iliyovimba, akasema kwa upole sana, "Mmelala wapi?"

Mjomba alikuwa amezikwa siku iliyotangulia, baada ya sala ya adhuhuri. Maiti ya Kiislamu haikai kumsubiri basi. Mama akajibu, "Nairobi na Arusha," kisha akaketi kizingitini. Sikumwona akilia mpaka usiku.

Ndege zilikuwepo. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hata mwaka huo, ndege ya Mwanza kwenda Dar ilikuwa inaruka, na tukiwa Buzuruga tuliweza kuisikia. Mama angeweza kuondoka asubuhi akamshika kaka yake mkono mchana. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja neno ndege, kama ambavyo hakuna aliyetaja kwenda mwezini. Nauli yake ilikuwa biashara nzima ya mama, sufuria, mizani, mtaji na vyote.

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka ule wa Julius Nyerere ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Nimezipiga mwenyewe kwa latitudo na longitudo, na kwa kuwa miji yote miwili haiko mbali na ikweta, hata rula juu ya ramani ya ukutani haikudanganyi sana. Barabara ya Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro inazifanya zikaribie 1,150. Reli inapita 1,200, maana inashuka kwanza Tabora ndipo igeuke mashariki. Njia yetu ya mwaka 1998, ya kuzungukia Nairobi, ilizidi 1,500. Na miji ni ileile miwili.

Jumamosi niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikala daku, nikaenda Mwaloni. Mitumbwi ilikuwa inashusha. Kuna mama mmoja pale ambaye alimfahamu mama tangu enzi zao. Nilimwamkia, akaniuliza hali ya miguu ya mwenzake, kisha akanichagulia sato wanne wenye migongo minene. Kijana wake alishika kisu kutaka kuwatoa matumbo na mashavu pamoja, kama wanavyofanyiwa samaki wote wa safari. "Matumbo toa," nilimwambia. "Mashavu yaache." Yule mama akacheka kwa furaha, akasema, "Huyu anampelekea bibi anayejua kusoma."

Ni kweli. Mama husoma samaki kwenye mashavu kama wengine wasomavyo saa. Mekundu ya damu: ametoka majini leo. Yakififia kuwa ya waridi: jana. Yakiwa ya kahawia, utamsikia anakunja uso kabla hujalifikisha beseni. Alikuwa akinunua na kuuza kwa saa hiyo miaka ishirini na zaidi, na hapakuwa na mvuvi wa kumdanganya alikolala samaki wake.

Niliwapanga kwenye boksi la baridi, barafu chini, barafu juu, nikalizungushia gundi ya karatasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa boksi linalovuja halipandi ndege. Saa 8:00 mchana nikapanda bajaji pale Buzuruga. "Mwadila," dereva akanisalimu, akalitazama boksi. "Dar?" Mwanza ukiwa na boksi lililofungwa namna ile hakuna anayekuuliza kama unasafiri, anakuuliza tu ni wapi. Tukashuka Mabatini, tukapita Mlango Mmoja, tukaikamata Makongoro, Kirumba, Pasiansi, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kushoto katikati ya mawe. Mpaka tunafika uwanjani ilikuwa saa 9:00 na robo. Kwa kilomita zisizofika ishirini nilikuwa nimetumia muda unaokaribia ule ambao ndege ingetumia kuvuka nusu ya Tanzania.

Uwanja wa ndege wa Mwanza umekaa kando ya maji, mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kusubiri ni mrefu na ni mzuri kwa kufikiri, hasa kwa mtu aliyefunga, asiye na chai ya kumshughulisha. Nilikaa dirishani nikiwazia jambo ambalo watu wengi wa jiji letu hawalijui, nami natamani lingefundishwa shuleni: kwamba Mwanza iliwahi kuwa kituo cha mwisho cha ndege kutoka London.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, kuja Afrika, na njia ile iliishia hapa. Haikuishia Nairobi wala Dar es Salaam. Mwanzoni abiria walichukuliwa hadi Khartoum tu. Barua ndizo zilizoendelea hadi Mwanza. Kutoka Khartoum zilitumika ndege za kutua majini, ambazo hazikuhitaji kiwanja, zilihitaji maji matulivu tu. Kwa hiyo ziliufuata Nile kupanda juu, Juba, kisha zikakanyaga ziwa letu: Port Bell, Kisumu, mpaka Mwanza. Na Mwanza kulikuwa na kitu cha ziada: reli. Waingereza walikuwa wameifikisha kutoka Tabora mwaka 1928, kwa hiyo mfuko wa barua ulitoka kwenye maji ukaingia kwenye behewa. Kwa mstari ulionyooka London iko kama kilomita 6,750 kutoka hapa. Safari ilichukua siku kama kumi.

Haikudumu. Januari 1932 njia ikarefushwa kwenda Cape Town, ikapita Nairobi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa pembeni. Kwa mwaka mmoja hivi jiji letu, wakati huo mji mdogo wa pamba, lilikuwa jirani wa London. Mwaka uliofuata likarudi kuwa mbali. Ziwa lilikuwa palepale, reli palepale. Kilichohama ni haja ya watu wa London, nayo ikahama na ukaribu wetu. Nikiwa mtoto wa Buzuruga niliamini kwamba umbali ni kitu kilichoumbwa pamoja na vilima. Siku hizi naona umbali mwingi umeamuliwa na watu mezani, na ndiyo maana una uwezo wa kuamuliwa upya.

Uangalie hata leo. Bukoba iko kama kilomita 175 tu kutoka Mwanza juu ya maji, Entebbe kama 280, Nairobi kama 460. Zote ziko karibu nasi kuliko Dar. Lakini mwambie mtu wa Mwanza unakwenda ng'ambo, atakuuliza unaondoka Dar siku gani. Ili umfikie kwa ndege jirani yako wa kaskazini, mara nyingi unatangulia kwenda kusini mashariki, kilomita 850, kulala kwa ndugu, halafu ndipo urudi angani juu ya njia uliyotoka. Sisi watu wa ziwa tumezoea. Nadhani tumezoea kupita kiasi.

Tulipoitwa kupanda, mbele yangu alikuwa mzee wa kanzu nyeupe na koti la kahawia, fimbo mkononi, mfuko mdogo wa kitambaa shingoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Hii inakwenda Dar moja kwa moja?" Nikamhakikishia. Viti vyetu vikawa jirani, upande wa kulia, yeye dirishani. Alikuwa anakwenda Muhimbili kuonwa macho, na hakuwa amepanda ndege tangu azaliwe. Alipokwisha kufunga mkanda alinieleza kwa nini aliuliza. "Mwaka 1982," alisema, "watu walipanda hapahapa kwenda Dar. Wakashukia Ulaya."

Wa rika lake hawajaisahau habari hiyo. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania, Boeing 737, iliruka Mwanza kwenda Dar es Salaam, na vijana waliokuwa ndani wakaiteka. Walikuwa wanamtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, mwishowe ikatua Stansted, Uingereza. Oscar Kambona, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje na aliyekuwa anaishi uhamishoni London, alikwenda uwanjani kuzungumza na watekaji, nao wakajisalimisha tarehe 28. Nimekuwa nikiwafikiria wale abiria siku nyingi. Mama aliyevaa gauni jepesi la kwenda Kariakoo, kashikilia boksi lake la samaki, mlango unafunguliwa, baridi ya Februari ya Uingereza inaingia. Barua za mwaka 1931 zilichukua siku kama kumi kutoka kule kuja huku. Wao, pamoja na kusimama kote, hawakufikisha siku mbili, na hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Ndege ilianza kukimbia saa 11:40. Mzee alifumba macho, midomo ikitembea kwa dua. Tulipoiacha ardhi nikamwambia, "Fumbua, mzee, ziwa hilo." Akafumbua. Hatukusema neno. Chini kulikuwa na mawe ya Mwanza yaliyopangana, mabati yakimeta, Bugando juu ya kilima chake, kisiwa cha Saanane, na maji yale mapana yasiyo na ng'ambo. Kwa mtu wa Mwanza maji yale si pambo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama kabla haijafika bandari yetu, ikaondoka na mamia ya watu, na hakuna ukoo wa Kanda ya Ziwa usio na jina la kutaja. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Watu 19 wakafa, na waliotangulia kuwafikia manusura walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mzee alikuwa anaiwazia ndege hiyo, nilijua, kwa sababu nami nilikuwa naiwazia. Akashusha pumzi. "Mwenyezi Mungu ndiye mwenye njia zote," alisema.

Ndege ikageuka kushika kusini mashariki, ziwa likabaki nyuma. Chini yetu mashamba ya Usukuma yalikuwa yamekauka na kugawanyika kama kitambaa cha viraka, vijia vya ng'ombe vikikutana kwenye malambo. Nilimwonyesha mzee njia ya kusini, kule mbali kulia, ambako Speke, msafiri wa Kiingereza, alipita kwa miguu mwaka 1858. Alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Julai, na tarehe 3 Agosti akalitazama ziwa akiwa karibu na hapa tulipopandia. Mwendo wa siku 25 hivi. Kabla ya hapo, yeye na mwenzake Burton walikuwa wametumia siku zaidi ya 130 kutoka pwani hadi Kazeh. Huwa nakereka tunapomtaja Speke peke yake. Safari ile ilibebwa na vichwa na mabega ya wapagazi, na aliyekuwa mkono wake wa kuume, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi huru. Na ziwa lenyewe lilikuwa na wenyewe na lilikuwa na jina, Nyanza, ambalo ndilo lililolipa jiji letu jina lake.

Misafara ile haikuhesabu maili. Ilihesabu kambi: tumelala hapa, kesho tunalala pale. Mzee aliponisikia akaitikia kwa kichwa. "Babu yangu alikwenda pwani kwa miguu akiwa kijana, kubeba mizigo," alisema. "Ukimuuliza ni mbali kiasi gani, anakwambia, niliondoka mtama unachipua, nikarudi tumeshavuna na kupanda tena."

Muda mfupi baada ya saa 12:00 wingu lilifunguka, na kulia kwetu mlima ukajitokeza peke yake, mweusi, mkubwa. "Hanang," nikasema. Ukivuta mstari ulionyooka kati ya Mwanza na Dar, Hanang unaangukia karibu sana na mstari huo, kusini kidogo. Ukikaa kulia, kama hakuna wingu, utauona. Mita 3,420. Ni mlima huohuo ulioporomosha tope juu ya watu wa Katesh Desemba 2023. Kwa basi, ukitoka Nyegezi alfajiri, eneo la Singida unalipata mchana, umeshakula vumbi la vituo vyote, umeshabadilishana namba za simu na jirani, umeshajua mtoto wa kiti cha nyuma anaitwa nani. Sisi tulikuwa na nusu saa tu tangu turuke. Sisemi kwamba basi ni bora. Nimelala kwenye mabasi vya kutosha. Nasema tu kwamba babu wa mzee huyu angeieleza nchi kijiji kwa kijiji, na mimi niliyevuka juu yake ningeweza kukuambia Hanang na mawingu.

Nauli yangu ilikuwa zaidi ya mara tatu ya nauli ya basi, na niliikata mapema. Kwa mshahara wangu inauma, lakini inawezekana, na hapo ndipo tofauti kati yangu na mama wa 1998 ilipo. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo hata kwa barabara hulazimiki tena kulala Dodoma au Singida. Unaondoka leo, unafika kabla jua la pili halijapanda sana. Reli ya kisasa tayari inabeba abiria kati ya Dar na Dodoma tangu Julai 2024. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kilianza kujengwa 2021, na kila nikipita Nyegezi huwa naangalia kama nguzo zimeongezeka. Treni hiyo ndiyo ninayoingoja kwa moyo wote, kuliko ndege yoyote, kwa sababu ndiyo itakayomchukua mchuuzi wa Mwaloni akafika siku hiyohiyo bila kuuza mizani yake.

Saa 12:40 na ushee mzee alianza kuhangaika. Alikuwa amefungua kile kifuko cha shingoni: tende tatu ndani ya kitambaa. "Mwanangu, Dar adhana saa ngapi leo?" Nikamwambia, kama saa 12:40. "Na kwetu Mwanza?" "Karibu saa 1:00." Akatafakari. Abiria wawili watatu mbele yetu walikuwa wameshafungua chupa za maji, wakifuata saa ya Dar. Mzee aligeuza shingo kwa taabu, akalitafuta jua nyuma kabisa ya bawa. Lilikuwa bado lipo, jekundu, nusu kidole juu ya ukingo wa mawingu. Chini, nchi ilikuwa imeshaingia giza. Niliona hata taa za mji fulani. Huko chini watu walikuwa wanafuturu. Huku juu, mita elfu kumi na kitu, jua linachelewa, maana unaiona dunia mbele zaidi ya anayesimama juu ya ardhi.

"Basi tusubiri," akasema.

"Dar wameshafuturu, mzee."

"Mimi sipo Dar. Wala sipo Mwanza. Nipo hapa, na jua nalitazama kwa macho haya mabovu."

Mimi nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikairudisha. Tukakaa tukilitazama jua kwa zamu, kwa kuwa dirisha moja halitoshi shingo mbili. Ndege ilianza kushuka, masikio yakaziba, rubani akatangaza hali ya hewa ya Dar. Saa 12:50 na ushee ukingo mwekundu ulikatika. Mzee akasema bismillahi, akanipa tende moja, akala moja, na ya tatu akampa mhudumu aliyekuwa anapita kukagua mikanda. Binti yule alisita, kisha akaipokea kwa mikono miwili.

Tulitua kabla ya saa 1:00. Mlango ulipofunguliwa joto la Dar likaingia na unyevu wake; mtu anayetoka mita elfu moja na ushee juu ya bahari hulihisi kama blanketi. Nikamsindikiza mzee hadi kwa mwanawe aliyekuja kumpokea, tukaagana kwa kushikana mikono yote miwili. Boksi langu lilichelewa kutoka, lakini lilitoka kavu. Teksi, foleni, barabara iliyojaa wauza futari wakifunga meza zao. Saa 2:20 usiku nilikuwa nagonga mlango Tandika. Tangu Buzuruga ni saa sita na dakika ishirini, na hewani nilikuwa kwa chini ya robo yake. Ukigawa kilomita 850 kwa muda wote huo, nilisafiri kama kilomita 135 kwa saa, mwendo ambao basi lingepigwa faini.

Dada alifungua. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Nilimwamkia, akanivuta akanishika uso, akanipapasa mabega kama anayetafuta mahali palipovunjika.

"Umelala wapi?"

"Sikulala, mama. Saa nane mchana nilikuwa Buzuruga."

Hakujibu. Akaomba boksi lisogezwe na taa iwashwe. Dada akakata gundi, barafu ikalia, mama akamtoa sato wa kwanza kwa mkono wake, akamweka mapajani juu ya khanga bila kujali maji. Akamtazama jicho. Kisha akaingiza kidole gumba, akalifunua shavu, akaliinamia, akalielekeza kwenye mwanga. Lilikuwa jekundu. Akalifunika, akalifunua tena.

"Wa leo," akasema taratibu, na akabaki ameshika pale pale kwa muda. Halafu akamgeukia dada. "Bandika sufuria. Huyu hasubiri kesho, tutamla daku."